Tundu Lisilo na Kadi

Shule ya Wasichana,
Mtwara.
9 Februari 1975

Kaka Waziri,

Shikamoo. Nimefika salama. Lori la korosho lilitushusha Chikongola mchana, nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Shangazi Rehema alikuja kunipokea kutoka Chuno, akanitazama, akaniuliza nimekuja kusoma au nimekuja kupakwa liwa kama mwali. Aliniogesha, akanilisha wali, kisha akanileta shuleni mwenyewe, akiwa amenibebea sanduku kichwani.

Nina habari itakayokufurahisha. Mwalimu Hamisa aliuliza nani kati yetu ana mwandiko unaosomeka. Nilinyamaza, lakini jirani yangu alinishika mkono akauinua. Basi nimepewa kabati la barua la shule. Lina matundu kama mzinga, na kila msichana ana tundu lake lenye kadi ya jina. Msichana mpya akija, namfungulia tundu. Anayemaliza shule, nalifunga lake. Anayehama bweni, nahamisha barua zake kwanza, ndipo natoa kadi ya zamani. Mwalimu amenionya nisije nikageuza utaratibu huo, maana ukitoa kadi kabla ya kuhamisha yaliyomo, barua zinabaki hazina mwenyewe ingawa mwenyewe yupo.

Yuko msichana wa Newala aliyebatizwa mwaka jana. Nyumbani wanamwandikia kwa jina moja na hapa anaitwa jingine. Kadi yake ina majina yote mawili, moja chini ya jingine, na barua zake zote huingia tundu moja. Nimelipenda jambo hilo, sijui kwa nini.

Chini kabisa, pembeni, kuna tundu lisilo na kadi. Mwalimu amesema tuliache hivyo. Ni la barua ambazo bado hatujajua ni za nani.

Kaka, ulisema mwenyekiti amekukabidhi mfuko wa barua wa kijiji. Basi sisi sasa ni watu wa kazi moja. Baba akiandika, barua yake itapita mikononi mwako kabla ya mtu mwingine yeyote. Nikilala nawaza hivyo, napata usingizi. Nimemwandikia kwenye shamba lile la mkonge alilokwenda, anwani niliyoikuta kwenye karatasi ya Mama. Ukipata neno lake lolote, hata kama ni la mistari miwili, niandikie siku hiyo hiyo.

Msalimie Mama. Mwambie hapa tunakula ugali wa muhogo vilevile, asifikiri nimekuwa mtu mwingine.

Mdogo wako,
Mwaisha


Kijiji cha Ujamaa Chitunda,
Mtwara Vijijini.
2 Machi 1975

Mdogo wangu Mwaisha,

Marahaba. Barua yako ilifika Ijumaa, nikaiita mwenyewe na kuipokea mwenyewe. Watu walicheka wakasema nimeanza kujihonga.

Huku mvua ni nyingi. Mto umepanda mpaka kwenye mikorosho ya chini, na nguruwe wamekula mpunga wa shamba la pamoja, ingawa Mjomba Salumu anasema nguruwe wengine wana miguu miwili. Mama hajambo. Amenishangaza: amejiandikisha kisomo. Kila mwaka walikuwa wakimbembeleza naye anasema macho yake ni ya kupepeta, si ya kusoma. Juzi akatoka mwenyewe na kibao mkononi, akaenda kukaa mbele pamoja na wazee wa nyumba kumi. Nilipomwuliza kulikoni, alisema muhogo umeshapandwa, hana kazi.

Kazi ya barua naiendesha hivi. Mfuko unakuja na lori. Baada ya sala ya Ijumaa watu wanakusanyika kwenye baraza ya ofisi ya TANU, nami naita majina. Kila jina naliita mara tatu. Anayeitika anachukua yake. Ambazo wenyewe wako shamba naziweka kwenye kabati la mbao za masanduku ya korosho nililolitengeneza, lina matundu kama lako, ila la kwangu lina mchwa. Ambazo hazina mtu naandika "Hajulikani hapa" na kuzirudisha zilikotoka. Sitaki mrundikano.

Wiki iliyopita mwenyekiti aliona mimi naita polepole, akachukua bahasha ya juu akaiita yeye kwa sauti ya mkutano. Lilikuwa jina ambalo halina mtu. Vijana wakacheka, wazee wakatazama chini. Nilimnyang'anya kwa heshima, nikamwambia, "Ndugu Mwenyekiti, kila mtu na kazi yake." Tangu siku hiyo mfuko naufungua peke yangu kwanza.

Umeuliza habari za Baba. Hakuna barua yoyote iliyokuja kwa jina la Waziri, wala la Mwaisha, wala la Mama. Ukae ukisoma. Yeye anajua tuliko.

Kaka yako,
Waziri


Shule ya Wasichana,
Mtwara.
6 Aprili 1975

Kaka Waziri,

Shikamoo. Nimefurahi sana kuhusu Mama. Nimemnunulia penseli, utamkabidhi. Mwambie ainyonye ncha kidogo kama herufi hazionekani.

Jumamosi Mwalimu Hamisa alinipeleka posta nikaone kazi inavyofanywa na wakubwa. Tuliingizwa nyuma ya masanduku. Huku mbele mtu anafungua kimlango chake kwa ufunguo, lakini nyuma hakuna milango, yako wazi yote, na mkono mmoja unaweza kufika katika kila sanduku la mji mzima. Nilisimama pale nikaogopa kidogo. Mzee wa zamu, Bwana Elia, aliona. Akaniambia, "Binti, ndiyo maana sisi hatusomi, tunapanga tu." Alisema mlinzi wa barua ana amri mbili. Ya kwanza, barua ya mtu haifunguliwi. Ya pili, hairudishwi kabla hujauliza. Neno "Hajulikani" ni jepesi kuliandika, lakini huko linakokwenda ni zito. Wapo waliolisoma wakafanya matanga.

Kaka, usikasirike nikisema. Nilikumbuka barua unazorudisha. Nimefikiri kwamba kwetu jina linaweza kukosa mtu kwa sababu nyingine. Wavulana wote waliotoka jandoni wameacha majina yao ya utoto kule kumbini, na hakuna anayethubutu kuyataja; ukimwita mtu kwa jina lile umemtukana, unatozwa kuku. Sasa mtu aliye mbali ambaye hakupata habari, ataandika jina gani? Ataandika lile alilomwachia mtoto. Na likiitwa barazani, nani ataitika? Hata mama wa kijana hawezi kufungua kinywa. Nimewaza ungeweza kuweka majina mawili kwenye kadi, kama nilivyokueleza ya yule wa Newala. Si lazima uite kwa sauti. Unaweka tu kwenye tundu, mwenyewe anachukua kimyakimya, na hakuna aliyetukanwa.

Barua yangu kwa Baba imerudi. Imeandikwa "Amehamishwa". Haikuandikwa amehamishiwa wapi. Sikuvunjika moyo. Mtu aliyehamishwa ni mtu aliyeko mahali.

Mdogo wako,
Mwaisha


OFISI YA KIJIJI CHA UJAMAA CHITUNDA
28 Aprili 1975

Ndugu Mwaisha,

YAH: MAFUNDISHO YAKO

Barua yako ya tarehe 6 imepokelewa na imesomwa. Ofisi inashukuru kwa ushauri. Hata hivyo ofisi inapenda kukujulisha kwamba mambo ya jando si mambo ya wanawake, wala si ya wanafunzi wa Kidato cha Kwanza, wala ya Bwana Elia wa posta.

Jina lililoachwa kumbini halina mtu. Ndiyo maana linaachwa.

Kwa kuwa umeuliza, nitakueleza jambo moja kisha tufunge faili. Siku ya kutoka, kila kijana alivikwa nguo mpya na baba yake. Wewe ulikuwa upande wa akina mama, huenda hukuona. Baba zao walipita mstarini mmoja mmoja. Walipofika kwangu waliruka. Mjomba Salumu akavua shati lake mwenyewe, likiwa na jasho, akanivika. Mikono ilinipita vidole. Akina Fikirini, niliotoka nao jandoni, wakaniuliza hilo shati ni la baba au la kuazima. Mama alikuwa amempelekea habari miezi mingi kabla, na nauli ya kuja haishindi mtu anayetaka kuja.

Mtu ambaye hakuja kunipa jina jipya hana haki ya kunidai kwa la zamani.

Penseli imefika. Mama anaandika a, e, i, o, u kwenye mlango wa jiko.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Waziri
Karani wa Kijiji


Shule ya Wasichana,
Mtwara.
20 Julai 1975

Kaka Waziri,

Shikamoo. Nimerudi shuleni na sikuagana nawe vizuri. Ulikuwa unafunga mfuko, nami nilikuwa na haraka ya lori. Likizo nzima tulikwepana kama watu waliokopana chumvi. Naomba radhi kwa barua yangu ya Aprili. Sikujua habari ya shati. Kweli upande wa akina mama hatukuona. Tulisikia vigelegele tu, na Mama alipiga kama wengine.

Nilifurahi nilipoona jinsi watu wanavyokuheshimu. Wale wageni wetu wa ng'ambo ya Ruvuma waliokuwa wakifunga mizigo kurudi kwao baada ya uhuru wa nchi yao, kila mmoja alikuja kukuomba barua zake zimfuate. Nawe ulikaa na kila mtu ukamwuliza anakwenda kijiji gani, kwa nani, anajulikana huko kwa jina lipi. Ulimwuliza yule bibi kizee mpaka jina aliloitwa alipokuwa msichana, usije ukampoteza. Nilikutazama nikajisemea, huyu ndiye kaka yangu.

Nilitaka nikuulize jambo nikashindwa. Kila Ijumaa Mama anakaa karibu na mlango wa ofisi, si kwenye mkeka na wenzake. Ukimaliza kuita, hasimami. Anasubiri watu waondoke, anakutazama wewe, ndipo anajifunga kanga na kwenda zake. Nilimwuliza anasubiri nini. Alisema, "Nasubiri jua lipungue." Lakini kulikuwa na mawingu.

Mama amefika somo la majina. Ameandika jina langu kwenye mchanga, herufi moja akaigeuza nyuma. Nikamwomba aandike la kwako. Aliandika kitu akakifuta kwa kiganja kabla sijakiona, kisha akaandika Waziri.

Bado naamini Baba ataandika. Nimemwomba Bwana Elia anitafutie majina ya mashamba mengine ya mkonge, nami nayaandikia moja moja, kila Jumapili.

Mdogo wako,
Mwaisha


Shule ya Wasichana,
Mtwara.
14 Septemba 1975

Kaka Waziri,

Namtuma Shangazi Rehema na barua hii kwa mkono, sitaki ipite kwenye mfuko. Keti kwanza.

Baba amefariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Jana alikuja mtu shuleni anaitwa Mathayo, wa upande wa Kitaya. Alifanya kazi na Baba katika shamba la mkonge, si lile tulilolijua, la pili. Ameacha kazi anarudi kwao, na njiani alikwenda sokoni Chikongola kuuliza kama kuna mtu wa Chitunda. Akaelekezwa kwa Shangazi, na Shangazi akamleta kwangu.

Baba aliugua kifua tangu mwaka jana. Alifariki mwezi wa Shaabani na wenzake Waislamu wa kambini walimzika vizuri, wakamsomea. Mathayo ni Mkristo lakini alishika jembe. Ameniletea kofia ya Baba, na furushi limefungwa kwa katani. Sijalifungua. Mikono haijakubali.

Mathayo alinitazama sana. Akasema, "Kumbe wewe ndiye yule mdogo. Yeye alikuwa akisema umri wako ni wa kung'oka meno." Baba hakujua kama najua kusoma, Kaka. Hakujua kama nimekua.

Mwalimu amenikataza kuondoka, mitihani imekaribia. Mwambie Mama wewe. Mwambie ukiwa umemshika.

Mwaisha


Chitunda,
20 Septemba 1975

Mdogo wangu,

Nimemwambia. Hakulia palepale. Aliuliza alizikwa akielekea wapi, nikamwambia Kibla. Akauliza alifunikwa na nani, nikamwambia wenzake. Ndipo akauliza, "Hakuna barua?"

Nikamwambia hakuna.

Tumekaa matanga. Ni Ramadhani, kwa hiyo watu walikuja jioni baada ya kufuturu. Mjomba Salumu alisimamia khitma kama vile Baba alikuwa ndugu yake wa tumbo moja, ingawa unajua maneno aliyokuwa akiyasema. Kabati la barua nimelifunga kwa sasa. Mwenyekiti amesema nipumzike.

Hilo furushi usihangaike nalo. Liweke kwa Shangazi. Nitakuja kulichukua mwenyewe.

Soma mitihani yako.

Waziri


Shule ya Wasichana,
Mtwara.
8 Oktoba 1975

Kaka,

Idd imepita. Nilikula kwa Shangazi.

Furushi nimelifungua. Naandika polepole ili niandike sawasawa, kama nilivyofundishwa.

Ndani mna bahasha. Zote zimetoka kwa Baba, zimeandikwa anwani kwa mkono wa Mathayo, zimeletwa Chitunda na zimerudi. Hakuna hata moja iliyofunguliwa. Juu ya kila moja pameandikwa "Hajulikani hapa". Unajua jinsi unavyouvuta mkia wa herufi j mpaka unakata mstari wa chini. Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa akikupiga rula kwa ajili ya mkia huo. Nimeitazama j ile juu ya kila bahasha.

Sikuhitaji kusoma jina la mwandikiwa. Nililijua kabla ya kuligeuza upande.

Na nyuma ya kila bahasha kuna anwani ya shamba la pili. Kila Jumapili nimekaa hapa nikiandikia mashamba ambayo hayamjui Baba, nawe ulikuwa na anwani yake mkononi.

Mathayo alipopita tena kwa Shangazi, nilimwuliza kwa nini Baba hakumwandikia mtu mwingine. Alisema alimshauri amwandikie Mjomba, Baba akakataa, akasema Mjomba atamjibu kuwa hakuja jandoni, na ni kweli hakuja. Akamshauri amwandikie Mama. Baba akasema jina la mke wa mtu haliitwi barazani mbele ya wanaume. Kwa hiyo akaandika jina lile moja tu. Kila barua iliporudi, alikuwa akimwambia Mathayo, "Tuandike tena, labda aliyepanga alikosea." Ile ya mwisho iliporudi hakusema hivyo. Aliuliza kama huku kuna maradhi yaliyopita.

Sasa naelewa habari ya mawingu, na ya kisomo. Ile siku mwenyekiti alipoita, Mama alikuwepo. Alilisikia. Asingeweza kuitika kwa jina lile mbele ya watu, wewe ukiwa umesimama pale na kalamu. Basi alikwenda kujifunza kusoma, ili asihitaji kuulizwa. Ukawa unaufungua mfuko peke yako.

Barua hizi sijazisoma. Si zangu. Bwana Elia alisema ya mtu haifunguliwi, nami ndiyo kazi niliyopewa. Nazirudisha kwa mwenyewe. Nimezitia zote ndani ya bahasha moja kubwa, na juu yake nimeandika jina kama alivyoandika yeye. Naomba radhi. Najua mimi ni mwanamke na najua faini yake ni kuku. Nitalipa.

Zitakuja kwenye mfuko kama barua nyingine. Mwenyekiti akikurudishia kazi, utazikuta. Unaweza kuandika yale maneno na kuzirudisha, maana nyuma nimeandika jina langu, nitazipokea na kuzitia kwenye tundu lile la chini, lisilo na kadi. Nitazitunza hapo mpaka nimalize shule, na nikimaliza nitamwonyesha atakayerithi kabati.

Sijakuchukia. Nimejaribu, lakini nalikumbuka lile shati.

Mwaisha


Chitunda,
26 Oktoba 1975

Mdogo wangu Mwaisha,

Bahasha ilikuja Alhamisi jioni. Niliufungua mfuko peke yangu, kama kawaida. Ningeweza kuitia chini ya shati na hakuna ambaye angejua. Niliirudisha mfukoni.

Ijumaa baraza ilijaa, maana ilikuwa mara ya kwanza tangu matanga. Nikaita barua ya Mzee Hamuli, nikaita ya mwalimu, nikaita za wengine. Ya mwisho ikawa ile. Nikaiita.

Fikirini alianza kucheka akaacha. Mjomba Salumu akainuka nusu, nafikiri alitaka kunipiga, kwa sababu hata mwenye jina haruhusiwi kulitaja. Nikaita mara ya pili. Ya tatu sikuiweza. Nilisimama nimeishika tu, watu wananitazama.

Mama akaondoka pale mlangoni. Alipita kati ya wanaume, kitu ambacho hajawahi kukifanya, akaja akaichukua mkononi mwangu. Akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza akakivuta mpaka ya mwisho, midomo inacheza bila sauti. Kisha akaniuliza mbele ya wote, "Yupo?"

Nikasema, "Nipo."

Akasema, "Basi mpeni barua yake."

Mjomba alikaa. Hakuna aliyetaja kuku.

Mwaisha, nilijua. Tangu ya kwanza nilijua. Mkono haukuwa wa Baba lakini ni nani mwingine angeniita hivyo? Nilitaka arudishiwe, ajue kuitwa na kutoonekana kukoje. Nilifikiri nitazirudisha hata achoke kuandika, aje mwenyewe kwa miguu yake kuuliza kwa nini. Nilikuwa nimeshapanga hata mahali nitakaposimama siku hiyo.

Tulizisoma na Mama jikoni. Mimi nilisoma, na mahali pengine yeye alinitangulia. Nakunakilia ya kwanza, ile aliyoiita mwenyekiti. Nyingine zote zinasema hayohayo, ila fupi zaidi.


12 Januari 1975

Mwanangu,

Anayeandika ni rafiki yangu Mathayo, maneno ni yangu.

Kwanza nisamehe kwa jina nililoliandika juu ya bahasha. Najua ulikwisha kuliacha, na najua si adabu. Nilihamishwa shamba, na habari ya jando lako ilikuwa ikinifuata nyuma bila kunifikia. Mathayo alipokwenda likizo ndipo alisikia huko njiani kwamba umeshatoka, umekuwa mtu mzima, na umekuwa karani. Nilifurahi, kisha nikaona haya, maana nguo yako nilikuwa nimeinunua mapema, imekaa sandukuni.

Mathayo hakuambiwa jina lako jipya. Alimwuliza mtu mmoja, yule akamwambia hilo amwulize baba yake.

Mimi sina jina jingine la kukuitia ila lile nililokupa, la babu yangu. Nimelitumia mara hii moja ili barua ikufike. Tafadhali nijibu, hata neno moja. Nitumie jina lako. Kifua kikipoa nitakuja na nguo yako, nami sitaki nifike mlangoni nisijue nibishe hodi kwa nani.

Msalimie mama yako na yule mdogo.

Baba yako,
Mussa
kwa mkono wa Mathayo


Hiyo ndiyo barua. Nguo hatujui iko wapi. Mwulize Mathayo akipita tena, kama si shida. Nadhani walimzika nayo.

Kadi ya tundu langu nimeibadilisha. Ina majina mawili. Nimewaambia na vijana wengine wenye wazazi mbali, na wawili wamekuja, kwa kujificha, Fikirini mmojawapo.

Nimeandika jibu lake. Anwani sina. Litie kwenye lile tundu lako la chini.

Kaka yako


Chitunda,
26 Oktoba 1975

Baba,

Shikamoo.

Ni Waziri.

Mwanao,
Chilambo